Kupiga picha mawingu ya Zuhura kwa urujuanimno ukiwa Nakuru au Kisumu

Hata uwe na darubini kubwa kiasi gani, ukiitazama Zuhura kwa jicho utaona mwezi mwandamo mweupe au nusu duara jeupe, basi. Mawingu yake ya asidi ya salfa hurudisha mwanga wa kawaida karibu sawasawa kila mahali. Piga picha ya mawingu hayohayo kwa miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho, kati ya nanomita 320 na 400, na mambo hubadilika: mabaka meusi hutokea, mistari iliyopinda kuelekea kwenye ncha, na siku nyingine umbo kubwa la herufi Y iliyolala ubavu, likichukua karibu upande mzima wenye mwanga.

Frank Ross alipata picha za aina hii mwaka 1927 kwenye kituo cha Mount Wilson, Marekani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1957, Charles Boyer, Mfaransa aliyekuwa akiishi Brazzaville, alitumia darubini ya sentimita 25 na filta ya urujuani, akaona kwamba madoa yaleyale hurudi kila baada ya siku 4 hivi. Sayari yenyewe huchukua siku 243 kujizungusha mara moja, kwa hiyo wengi walilipuuza jambo hilo hadi Mariner 10, chombo cha anga cha Marekani, ilipopita karibu na Zuhura Februari 1974 na kulithibitisha. Ugunduzi huo ulitoka kwa mtu asiye mwanasayansi wa kuajiriwa, mwenye darubini ya kawaida, karibu na Ikweta, barani Afrika. Nakuru na Kisumu ziko karibu zaidi na Ikweta kuliko Brazzaville, na kamera za leo zinashinda filamu yake kwa mbali sana.

Kinachofyonza urujuanimno kule juu ni vitu viwili. Chini ya nanomita 320 ni gesi ya dioksidi ya salfa. Kati ya 320 na 400 ni dutu ambayo wanasayansi bado wanabishania jina lake. Madoa tunayoyapiga picha kutoka ardhini ni ya dutu hii ya pili, kwa sababu chini ya nanomita 300 tabaka letu la ozoni hufunga mlango kabisa. Chombo cha Akatsuki cha Japani, kilichoingia kwenye obiti ya Zuhura Desemba 2015, kilikuwa na filta mbili za urujuanimno, ya nanomita 283 na ya 365. Wewe uliye ardhini una ile ya pili tu.

Hewa ndiyo adui, urefu wa Zuhura angani ndio dawa

Hewa hutawanya mwanga wa nanomita 365 mara 5 zaidi ya ule wa kijani wa nanomita 550. Katika hewa safi kabisa, Zuhura ikiwa utosini, mtu aliye usawa wa bahari hupokea asilimia 59 ya mwanga huo. Aliye Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, hupata asilimia 63, na aliye Nakuru, mita 1,850, asilimia 65. Tofauti hiyo ni ndogo. Sasa ishushe Zuhura hadi nyuzi 30 juu ya upeo wa macho: Nakuru inabaki na asilimia 43. Kwa nyuzi 15 inabaki na 20 tu, na hapo hatujahesabu vumbi wala moshi wa miwa inayochomwa upande wa Muhoroni na Chemelil.

Tatizo la pili ni baya zaidi, na wanaoanza huwa hawalijui. Hewa huupinda mwanga wa nanomita 320 zaidi ya ule wa 390, kwa hiyo hata ndani ya filta moja picha huvutika kwenda juu na chini. Ukiwa Nakuru na Zuhura iko nyuzi 30, mvuto huo unazidi sekunde 1 ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Kwa nyuzi 45 unakaribia sekunde 0.9, na kwa nyuzi 70 unashuka hadi kama 0.3. Linganisha na uwezo wa darubini ya milimita 200 katika nanomita 365, ambao ni sekunde 0.46. Maana yake ni kwamba chini ya nyuzi 45 unatupa nusu ya darubini uliyoilipia. Prizimu za kusahihisha mtawanyiko wa hewa husaidia, lakini kusubiri Zuhura ipande hakugharimu kitu. Kwetu hupanda karibu wima, tofauti na Ulaya ambako mara nyingi hutambaa chini karibu na paa za nyumba.

Darubini, kamera na filta

Chukua darubini ya vioo ya aina ya Newton, kipenyo cha milimita 150 au zaidi; 200 ni nzuri sana. Kioo kiwe cha aluminiamu ya kawaida. Aluminiamu hurudisha urujuanimno vizuri, ilhali fedha huanguka vibaya chini ya nanomita 400. Baadhi ya mipako ya bei kubwa, iliyotengenezwa kung'aa zaidi kwa mwanga wa kawaida, hupoteza nguvu upande huu pia, hivyo muulize muuzaji akuonyeshe grafu inayoanzia nanomita 350. Darubini za lenzi ziache. Hata pale kioo chake kinapopitisha miali hii, lenzi imesahihishwa kwa rangi tunazoziona, na fokasi ya urujuanimno hubaki imetawanyika. Zile za Schmidt-Cassegrain hufanya kazi, ila picha huwa laini kidogo.

Kamera iwe ya nyeusi-na-nyeupe. Hapa hakuna njia ya mkato: kamera ya rangi ina vichujio vidogo juu ya kila pikseli, navyo hula karibu urujuanimno wote. Kihisi cha IMX290 chenye pikseli za mikromita 2.9, au IMX178 cha mikromita 2.4, vinatosha. Hakikisha dirisha la mbele ya kihisi ni kioo cha kawaida kisichozuia urujuanimno. Simu hazifai.

Kwa pikseli za mikromita 2.9, nambari ya f (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo) inayokamata kila kitu darubini inachoweza kuonyesha katika nanomita 365 ni f/16. Kwa vitendo, hewa yetu hairuhusu kufika huko mara nyingi, na mwanga ni mchache. Darubini ya milimita 200 yenye f/6, ukiiwekea lenzi ya Barlow ya mara 2, yaani inayorefusha fokasi mara 2, inakuwa f/12, na kila pikseli inabeba sekunde 0.25 za tao. Hapo ndipo pa kuanzia. Barlow iwe rahisi, ya vioo viwili. Zile zenye vioo vingi hula mwanga. Ukiweza kuijaribu kabla ya kununua, fanya hivyo.

Filta inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni U-Venus ya Baader, inayopitisha nanomita 320 hadi 390. Ni ghali. Njia ya bei nafuu ni filta ya urujuani ya Wratten 47 pamoja na filta ya kuzuia infraredi, zikifungwa moja juu ya nyingine. Mchanganyiko huo hukupa nanomita 400 hadi 480 hivi, ambako madoa ya Zuhura yapo lakini ni hafifu. Utaona mabaka makubwa, si mistari midogo. Kwa shule au klabu inayoanza, inatosha kuonyesha kwamba mawingu yanasogea.

Mtego mkubwa ni kuvuja kwa infraredi. Glasi nyingi nyeusi za urujuanimno, pamoja na Wratten 47 ikiwa peke yake, hufunguka tena baada ya nanomita 700. Kihisi cha kamera kinaona infraredi vizuri kuliko urujuanimno, kwa hiyo uvujaji mdogo tu unafunika kila kitu, na unabaki na picha kali, ya kupendeza, isiyo na doa hata moja. Jaribio lake ni rahisi. Lenga Zuhura kwa filta yako ya urujuanimno, rekodi mwangaza wake, kisha ongeza mbele yake filta nyekundu ya Wratten 25. Nyekundu hukata urujuanimno wote. Kama Zuhura ingali inaonekana kwenye skrini bila kubadilisha muda wa mwanga, hicho unachokiona ni uvujaji.

Kabla ya hapo, jua kwanza kama kamera yako inaona urujuanimno hata kidogo. Taa ya kukagua noti iliyoko kwenye maduka na kwa wakala wa M-Pesa inafaa sana, mradi iwe ya mrija, ambayo hutoa nanomita 365 hadi 370 hivi. Zile ndogo za LED mara nyingi ni za nanomita 395, nje ya mlango wa filta, na zitakudanganya kwamba kamera ni kipofu. Elekeza kamera yenye filta kwenye mrija, si kwenye noti. Mwangaza wa nyuzi za noti unaouona kwa jicho ni mwanga wa kawaida, na filta itauzuia. Usiukodolee macho mrija wenyewe.

Glasi za aina hii hupata ukungu mweupe usiofutika zikikaa kwenye unyevu. Kisumu, ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Vikaushe kwenye jiko la joto la chini kila baada ya miezi michache.

Kusimamisha darubini kwenye Ikweta

Vitabu vingi vinakwambia uelekeze mhimili wa stendi kwenye Nyota ya Kaskazini. Huku nyota hiyo iko kwenye upeo wa macho, na hutaiona. Mhimili wa kuzunguka unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi hazikutengenezwa kushuka chini ya nyuzi 15 au 20. Tengeneza kabari ya mbao ngumu chini ya kichwa cha stendi, ikiwa na pembe inayobaki, na uifunge kwa bolti. Usifupishe miguu ya upande mmoja ili kupata pembe hiyo, kwa sababu stendi itapinduka siku uzito utakapohamia upande huo.

Mhimili ukishalala, fimbo ya uzito wa kusawazisha huning'inia karibu na miguu ya stendi upande wa kaskazini na kuigonga. Geuza stendi ili pengo kati ya miguu miwili ndilo litazame kaskazini. Halafu kagua mpangilio wa mota: kama mhimili unatazama kaskazini, mota iwe ya kaskazini, hata kama nyumba yako iko kusini mwa Ikweta. Ukikosea, Zuhura itakimbia kwenye skrini kwa kasi mara mbili.

Kaskazini ya kweli unaipata mchana. Ning'iniza uzi wenye jiwe na uweke alama ya kivuli chake wakati Jua liko kwenye meridiani, mstari wa angani unaotoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini. Nakuru iko longitudo 36.07, kwa hiyo kwa wastani wakati huo ni saa 6 na dakika 36 mchana, na Kisumu ni saa 6 na dakika 41. Kutegemea mwezi, kuna dakika hadi 16 za kuongeza au kupunguza, na programu yoyote ya nyota kama Stellarium itakupa wakati kamili wa siku hiyo. Mbinu hii haifai mwezi wa Machi na Septemba, kwa sababu Jua linapita utosini na kivuli kinaisha. Miezi hiyo tumia dira, mbali na mabati na gari. Mkengeuko wake magharibi mwa Kenya ni mdogo. Video ya dakika 2 haihitaji usahihi zaidi ya huo.

Mwenye darubini isiyo na mota asikate tamaa. Iweke Zuhura ukingoni mwa skrini uiache ipite. Kwa sekunde 0.25 kwa pikseli, kihisi cha IMX290 hukupa kama nusu dakika kabla haijatoka, kisha unairudisha. Mwendo wa anga ni sekunde 15 za tao kwa sekunde moja, hivyo mwanga wa milisekunde 15 hautaonyesha mchirizi.

Lini, saa ngapi, na wapi pa kusimama

Katika mwaka 2026 Zuhura ni nyota ya jioni, ikifika umbali wake mkubwa kutoka Jua tarehe 15 Agosti, kisha inapita kati yetu na Jua tarehe 24 Oktoba. Jioni magharibi mwa Kenya ni ngumu. Upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea nchi kavu mchana kutwa, na ifikapo alasiri mawingu ya radi yamejaa kutoka Kisumu hadi Kericho. Nafasi nzuri ni ya alfajiri inayofuata. Tarehe 3 Januari 2027 Zuhura itakuwa nyuzi 47 magharibi mwa Jua, katikati ya kiangazi chetu, ikiwa na kipenyo cha sekunde 24 hivi na nusu yake ikiwa na mwanga. Kufikia mwisho wa Februari kipenyo kitakuwa takriban sekunde 15, lakini sehemu yenye mwanga itakuwa imeongezeka. Mtu akituuliza ajiandae kwa ajili ya lini, tunasema Januari na Februari 2027.

Anza kabla ya mapambazuko, Zuhura ikiwa inaonekana kwa jicho. Ishike kwenye kamera na uiache mota iifuate hadi mchana. Jua huchomoza kati ya saa 12:35 na 12:50 asubuhi mwezi wa Januari, na wakati huo Zuhura iko juu vya kutosha. Kipindi bora ni kutoka kuchomoza kwa Jua hadi saa 2 hivi. Kabla ya hapo iko chini na mtawanyiko ni mkubwa. Baada ya hapo ardhi imeanza kuchemka, na anga lenyewe, ambalo kwa urujuanimno hung'aa sana mchana, linafuta tofauti kati ya doa na wingu.

Jua linakuwa upande uleule wa anga, kwa hiyo usiisogeze darubini kwa mkono ukitafuta. Kama umeipoteza Zuhura baada ya Jua kutoka, funika mdomo wa darubini na uache hadi kesho. Darubini ndogo ya kutafutia nayo ifunikwe. Weka turubai au shuka kwenye nguzo mbili upande wa mashariki ili kivuli kianguke kwenye bomba, huku Zuhura ikionekana juu ya turubai. Ukuta wa nyumba hufanya kazi hiyo pia, lakini si nyumba ya mabati, kwa kuwa mabati hupata joto dakika chache tu baada ya kuguswa na Jua, na hewa inayopanda kutoka hapo itapita mbele ya darubini yako.

Simama kwenye nyasi, si kwenye saruji. Nakuru, mtaa ulio kwenye miteremko ya Menengai una hewa tulivu na vumbi kidogo kuliko katikati ya mji. Kisumu, kaa mbali kidogo na ufuo, kwani mawimbi ya wadudu wa ziwa hufuata taa na hata skrini ya kompyuta, na wakishaingia ndani ya bomba huacha mafuta kwenye kioo. Vumbi la Nakuru lisipanguswe kwa kitambaa kamwe. Osha kioo kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, acha kikauke kikiwa kimesimama, na fanya hivyo mara moja kwa mwaka, si zaidi.

Betri ya sola ya volti 12 inaendesha mota na kamera asubuhi nzima. Usitegemee stima ya nyumbani, maana kukatika kwa sekunde 2 kunakupotezea Zuhura wakati ambapo huruhusiwi kuitafuta tena.

Kurekodi

Toa darubini nje saa nzima kabla, ili kioo kifikie joto la hewa. Panga vioo vya darubini vilingane sawasawa, kwa kutumia nyota yoyote angavu karibu na Zuhura. Katika urujuanimno kasoro ndogo ya mlinganisho huonekana zaidi kuliko kwa mwanga wa kawaida.

Fokasi irekebishwe filta ikiwa mahali pake. Kioo cha Barlow hupinda urujuanimno tofauti na mwanga mwingine, hivyo fokasi uliyoipata bila filta itakuwa si sahihi. Tazama pembe mbili kali za Zuhura, kule mwanga unapokutana na giza juu na chini. Zikiwa nyembamba na kali, umefika. Rudia kila baada ya dakika 15, kwa sababu bomba hubadilika urefu joto linavyopanda.

Kwa milimita 200, f/12 na filta ya U-Venus, anza na milisekunde 15 na geini (ukuzaji wa mawimbi ya kamera) ya juu, kisha rekebisha hadi kilele cha histogramu, grafu ya mwangaza kwenye skrini, kifike asilimia 60 au 70. Fremu zitakuwa na chembechembe nyingi. Usijali, ndiyo maana tunachukua elfu kadhaa. Ukilazimika kuzidi milisekunde 30, hewa itaanza kuipaka picha ukungu. Hapo ni bora kuunganisha pikseli 2 kwa 2 kwenye kamera na kupunguza muda. Rekodi kwa programu ya FireCapture au SharpCap katika faili za video za SER, dakika 2 kila moja, na eneo la kihisi likatwe liizunguke Zuhura tu ili kasi ya fremu ipande.

Sekunde 1 ya tao kwenye Zuhura yenye kipenyo cha sekunde 24 ni kilomita 500. Upepo wa juu ya mawingu ni mita 100 kwa sekunde hivi. Ukifanya hesabu, wingu husogea kilomita 120 kwa dakika 20, sawa na pikseli moja. Kwa hiyo unaweza kuziunganisha video za dakika 20 bila kurekebisha mzunguko wa mawingu kwa programu. Zaidi ya hapo madoa huanza kufutana. Piga mafungu mawili au matatu ya dakika 20, na kati ya fungu na fungu zungusha kamera nyuzi 90. Hiyo hatua ya kuzungusha isirukwe kamwe, na sababu yake inafuata.

Kuchakata, na namna picha inavyodanganya

Programu ya AutoStakkert hupanga fremu kwa ubora na kuzirundika. Chukua asilimia 20 hadi 30 bora. Kisha nenda kwenye RegiStax au programu nyingine yenye vitelezi vya ukali, na uwe mpole. Madoa ya Zuhura ni mapana na laini. Mtu anayesukuma vitelezi hadi mwisho hupata pete nyeusi sambamba na ukingo wa sayari, na pete hizo si mawingu.

Shida ya pili ni kwamba ukingo wa Zuhura unang'aa na upande wa giza unafifia taratibu. Mteremko huo wa mwanga ni mkali kuliko madoa yenyewe. Tengeneza nakala ya picha, ipake ukungu hadi madoa yapotee, kisha uitoe kwenye picha ya asili kwa nguvu ya nusu hivi. Mabaka yatajitokeza. Ukizidisha, utakuwa umechora ramani ya kelele.

Ukweli unajulikana kwa kulinganisha. Chakata kila fungu peke yake, bila kutazama jingine. Doa lililopo kwenye mafungu yote, mahali palepale kwenye sayari baada ya kamera kuzungushwa, ni la Zuhura. Lililozunguka pamoja na kamera ni vumbi kwenye kihisi au filta. Lililopo kwenye fungu moja tu ni kelele, hata liwe zuri vipi.

Na ukiona picha haina doa kabisa siku tatu mfululizo, usimlaumu Zuhura. Anza na uvujaji wa infraredi, kisha fokasi, kisha urefu wake angani. Mara nyingi tatizo ni la kwanza.

Kupima upepo

Ukishakuwa na picha za siku kadhaa, kupima kasi ni jambo la asubuhi moja. Programu ya WinJUPOS hukuruhusu kuweka mzingo wa sayari juu ya picha na kusoma longitudo ya kila doa. Kwenye ikweta ya Zuhura, kwa kimo cha mawingu cha kilomita 70, nyuzi 1 ni kilomita 107. Doa lililosogea nyuzi 6.7 kwa saa 2 limekwenda kilomita 717 kwa sekunde 7,200, yaani karibu mita 100 kwa sekunde.

Lakini tazama kosa lake. Ukikosea pikseli moja ya sekunde 0.25, umekosea kilomita 126, na kwa saa 2 hilo ni kosa la zaidi ya mita 17 kwa sekunde. Ndiyo maana njia ya Boyer bado ni bora kwa darubini ndogo: fuata doa hadi lirudi. Mzingo wa mawingu ni kilomita 38,500. Likirudi baada ya siku 4 kamili, kasi ni mita 111 kwa sekunde. Baada ya siku 4.45, ni mita 100. Umbo kubwa la Y ni wimbi la angahewa, kwa hiyo kasi yake si lazima ilingane na ya upepo. Mabaka madogo ndiyo yanayobebwa na upepo wenyewe, na inafaa kuyapima kando.

Asiye na darubini anaweza kufanya sehemu hii yote kwa kompyuta. Picha za chombo cha Venus Express, kilichofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2014, ziko wazi kwenye hifadhi ya shirika la anga la Ulaya, na za Akatsuki ziko kwenye hifadhi ya DARTS ya Japani. Mwanafunzi wa Egerton au Maseno mwenye Python na bando la intaneti anaweza kuchukua picha mbili za nanomita 365 zilizopigwa saa 2 mbali na kupima madoa kumi kwa siku moja, kwa usahihi unaozidi ule wa darubini yoyote ya uani.

Picha zako zitume. PVOL, hifadhi inayoendeshwa na chuo kikuu cha nchi ya Basque huko Uhispania, hupokea picha za wapenzi wa anga, na ALPO-Japan pia. Watazamaji wa longitudo yetu ni wachache, na doa linalohama nyuzi 80 kwa siku linahitaji macho mahali pengi. Kosa linalorudishwa zaidi ni la saa. Saa 12:30 asubuhi kwetu ni 06:30 kwenye kompyuta, na ni 03:30 kwa saa ya dunia, UT. Weka UT ya katikati ya video, si ya kuanza, kwenye jina la faili kwa mtindo wa 2027-01-03-0330_5, ambapo tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya dakika. Taja kipenyo cha darubini, filta, kamera, mahali, na kaskazini iko upande gani. Kama hujui upande, zima mota: upande ambao Zuhura inaelekea hadi kutoka nje ya skrini ndio magharibi.